Tanga na Mlima: Vyombo Vidogo vya Matanga katika Historia ya Kilosa na Mikumi

Mtu akitaja Kilosa au Mikumi, fikra za msikilizaji huelekea moja kwa moja kwenye mambo ya nchi kavu: mashamba ya katani, njia ya reli, milima ya Usagara, tembo na nyati wa uwanda wa Mkata. Ni nadra mtu kufikiria tanga, mlingoti na usukani. Kutoka Kilosa mpaka ufukweni ni mwendo wa kiasi cha kilomita 200, na wazee wengi wa wilaya hiyo wameishi na kuzeeka bila ya kuonja maji ya chumvi. Kwa sababu hiyo imekuwa desturi kuuhesabu ustadi wa kuunda, kumiliki na kuendesha vyombo vidogo vya matanga kuwa ni mali ya watu wa Mrima na visiwani peke yao, na kuwahesabu watu wa bara kuwa watazamaji tu.

Sisi hatukubaliani na mgawanyo huo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya chombo kidogo cha matanga katika nchi yetu haikukomea pwani. Ilipanda mito, ilibebwa mabegani mwa wapagazi, ilipita katika mabonde ya Kilosa na kufika katika maziwa makuu. Nayo bara, kwa upande wake, ilirudisha kwa bahari mbao, kamba na pamba. Utamaduni wa taifa hauwezi kueleweka sawasawa iwapo tutaukata vipande na kumpa kila mtu kipande chake. Wala suala hili si la sifa tu. Kama tutakavyoona mwishoni, mvuvi wa Saadani na mkulima wa Kilosa wamefungwa na mto mmoja, na mmoja akisahau hivyo wote wawili wataangamia.

Chombo kidogo na mwenyewe

Kwanza yatupasa tueleze ni vyombo gani tunavyovizungumzia. Hatusemi juu ya majahazi makubwa yaliyokuwa yakivuka bahari kwa pepo za msimu kwenda Arabuni na Bara Hindi. Tunasema juu ya vyombo ambavyo mtu mmoja au jamaa mmoja aliweza kuvimiliki: mtumbwi, ngalawa, dau na mashua.

Ngalawa ndiyo iliyo maarufu kuliko vyote. Tumbo lake huchongwa kutoka gogo moja, aghalabu la mwembe, likaachwa jembamba mno kiasi cha kutoweza kusimama lenyewe majini. Utulivu wake hutokana na matengo mawili, yaani mbao zilizofungwa kwenye miti inayotokeza kila upande, ambazo huelea na kukizuia chombo kisipinduke. Mlingoti mfupi hubeba foromali ndefu, na katika foromali hutundikwa tanga la pembetatu. Urefu wake ni mita 5 hadi 7 hivi, na kwa kuwa haizami sana majini, huweza kupita juu ya miamba na kuvutwa mchangani bila ya kuhitaji gati.

Mashua na dau ni vyombo vya mbao zilizounganishwa juu ya mkuku na mataruma. Kabla ya hivyo, na pamoja navyo kwa karne nyingi, palikuwapo mtepe, ambao mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mitepe ilitoweka katika karne ya 20, na kizazi cha leo hakina budi kuijua kwa mifano, kama ule ulioundwa Unguja mwaka 2003.

Kumiliki chombo cha namna hii si jambo la kununua na kusahau. Chombo ni kama mfugo: humpa mwenyewe riziki, lakini humdai kila siku. Maungio ya mbao hayana budi kupigwa kalafati kwa pamba iliyochovywa mafuta. Mbao za juu hupakwa sifa ili zisipasuke kwa jua, na tumbo hupakwa deheni ili wadudu wa maji ya chumvi wasilitoboe. Chombo kinachoachwa mwaka mzima bila ya kazi hiyo huwa kuni. Na mwenye chombo, hata akiwa na mali kiasi gani, hafiki popote bila ya nahodha anayejua pepo: kaskazi ivumayo tangu mwezi Desemba hadi Machi, kusi iifuatayo, na upepo wa alfajiri utokao nchi kavu ambao huwatoa wavuvi bandarini kabla ya mapambazuko. Ndiyo maana pato la uvuvi tangu zamani limekuwa likigawanywa kwa mafungu; chombo kina fungu lake na mikono inayokiendesha ina mafungu yake. Mila hii inatufundisha kwamba wahenga wetu walitambua kuwa mali bila ya kazi ni gogo lililolala.

Mto wa Wami na ndoto ya wageni

Sasa tugeukie bara. Mto wa Mkondoa hutoka magharibi, ukapita katikati ya milima na kuushukia mji wa Kilosa. Kutoka hapo huingia katika uwanda wa Mkata, ambao sehemu yake ya kusini imo katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Uwanda huo wakati wa kiangazi ni majani makavu na mikumi, ile miti jamii ya mivumo iliyoipa nchi hiyo jina lake. Wakati wa masika hugeuka kinamasi. Maji ya Mkondoa na Mkata hukusanyika yakaelekea kaskazini na mashariki kwa jina la Wami, na mwisho humwagika baharini kati ya Bagamoyo na Saadani. Kwa hiyo tone la mvua linaloanguka katika milima ya Kilosa haliishi Kilosa. Hufika kwenye maji wanakovua watu wa ngalawa.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Mrima kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita katika bonde hilohilo. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857. Burton alikuwa na boti ya chuma iliyoweza kufunguliwa vipande vipande, nayo aliitumia katika safari yake ya pwani mwanzoni mwa mwaka huo. Lakini ulipofika wakati wa kuondoka kwenda bara, wapagazi wa kuibeba hawakutosha, nayo ikaachwa nyuma. Matokeo yake yalionekana mwaka 1858 huko Ujiji. Speke alilazimika kuvuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kwenda kumwomba mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu dau lake la matanga. Hakulipata, na safari ya kaskazini ya ziwa ikafanywa kwa mitumbwi ya wenyeji. Hapa tujiulize: dau hilo lilifikaje katika ziwa lililo mbali na bahari kwa mwendo wa miezi? Lilikuwako kwa sababu watu wa pwani waliofuatana na misafara walikwenda na ujuzi wao. Mgeni alishindwa kuibeba boti yake, lakini fundi alibeba chombo kizima kichwani mwake, kikiwa bado ni elimu.

Henry Stanley alipita katika uwanda wa Mkata wakati wa masika ya mwaka 1871. Naye alinunua boti mbili Unguja, akazivua mbao zake ili zivikwe turubai lililopakwa lami na kuwa nyepesi kubebwa. Msafara wake uliteseka sana katika tope la Mkata, kiasi kwamba maji yasiyo na kina cha kuelea chombo yalitosha kabisa kuzamisha punda. Hatimaye, yeye na David Livingstone walipoizunguka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa mwaka huo, walikwenda kwa mtumbwi wa kuazima pale Ujiji.

Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko makubwa zaidi katika bonde la Mkondoa. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, tufani kubwa iliipiga Unguja, ikavunja vyombo vingi bandarini na kuangusha mikarafuu. Pwani na bara zilikuwa zikilia kwa masika yaleyale.

Baada ya kuyaona maji hayo, Stanley aliandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1872 kwamba Wami ungeweza kupitika kwa vyombo vyepesi vya moshi kutoka baharini mpaka Mbumi katika Usagara, yaani mpaka jirani na Kilosa. Maneno hayo yaliwavutia wengi huko Ulaya. Walidhani wamepata mlango wa maji wa kuingilia katikati ya Afrika bila ya kutegemea wapagazi.

Mwaka 1876 wamisionari wa Kanisa la Kiingereza, wakiongozwa na Luteni Shergold Smith na mhandisi Alexander Mackay, waliijaribu ndoto hiyo. Walikuwa na boti ndogo ya moshi iliyoitwa Daisy, iliyounganishwa Unguja. Mnamo mwezi wa Juni waliingia katika mlango wa Wami. Waliukuta mto ukijipinda kama nyoka, maji yakipungua na miti ikizidi kusonga. Kila mpindo ulizaa mpindo mwingine, na ikabidi warudi. Mto haukuwa njia ya kufika Kilosa.

Tunapaswa kuieleza sababu yake kwa ukamilifu, maana ndani yake mna somo. Chombo cha tanga kinapokabiliwa na upepo wa mbele hulazimika kubisha, yaani kwenda upande huu na upande huu. Na kubisha kunahitaji upana wa maji. Chombo cha moshi hakihitaji upana huo, lakini kinahitaji kina na kuni, na kikikwama juu ya gogo hakiwezi kuinuliwa na watu wawili. Mtumbwi wa pondo hauna haja ya yote hayo. Ndiyo maana wenyeji wa mito yetu ya bara hawakuwa na matanga wala mikuku. Walikuwa na magogo yaliyochongwa na pondo ndefu. Hawakukosa maarifa. Walikuwa wameupima mto wao na kuunda chombo kilichoufaa. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nasi twaweza kuongeza kwamba uchache wake pia hujui.

Mashua juu ya mabega

Baada ya mto kukataa, yalibaki mabega ya watu. Daisy ilifunguliwa vipande na kupelekwa Ziwa Viktoria kwa miguu ya wapagazi, na mwanzoni mwa mwaka 1877 msafara wake ulikuwa umefika Kagei, kusini mwa ziwa. Mackay, aliyekuwa amerudishwa pwani kwa ugonjwa, alitumia sehemu ya mwaka 1877 kufyeka barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Alipofika ziwani mwaka 1878 aliikuta boti imeharibika, na baadaye dhoruba ikaivunja zaidi. Ilibidi wakate kipande cha katikati, watumie mbao zake kutia viraka, kisha waunganishe omo na tezi. Fundi yeyote wa mashua wa pwani yetu angeitambua kazi hiyo mara moja, maana ndiyo maisha ya chombo kidogo: hakifi kwa dhoruba moja, hufa mwenyewe anapokata tamaa.

Kabla ya Daisy ilikuwa imepita boti nyingine iliyopata sifa kubwa zaidi. Stanley alipoondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 alikuwa na boti ya futi 40 iliyoitwa Lady Alice, iliyojengwa Uingereza kwa vipande. Safari hii alichukua njia ya kaskazini zaidi, akaepuka kinamasi cha Mkata, na mwezi wa Desemba alikuwa Mpwapwa. Vipande vile vilikuwa vipana mno kwa vijia vya porini, hata ikabidi vigawanywe upya Unguja kabla ya kuondoka. Wapagazi waliovibeba walichaguliwa kwa nguvu zao, wakalipwa zaidi ya wenzao na kuruhusiwa kufuatana na wake zao. Tarehe 27 Februari 1875 walifika ziwani, na mwezi wa Machi boti ikaanza kulizunguka Ziwa Viktoria.

Mshika usukani wa boti hiyo alikuwa Uledi, mmoja wa Waungwana wa Unguja. Katika mto wa Kongo aliwaokoa wenzake wengi waliotupwa majini, na ni miongoni mwa wachache ambao majina yao yamehifadhiwa. Wale waliobeba mbao kutoka pwani mpaka ziwani, wakapanda milima na kuvuka mito, karibu wote hawana majina katika vitabu. Boti ilipewa jina la mwanamke wa mbali ambaye hakupata kuiona nchi hii. Waliochubuka mabega hawakupewa hata mstari. Tunaposema kwamba historia ya taifa sharti iandikwe upya na wananyumba wenyewe, hii ndiyo maana yake.

Hatimaye reli ya kati ikachukua nafasi ya mabega. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Kilosa na kulifuata bonde la Mkondoa. Kwa reli hiyo Wajerumani waliipeleka meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, kisha ikafunguliwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Meli hiyo iliteremshwa ziwani mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikajulikana kwa jina la Liemba. Kwa hiyo mji wa Kilosa, usio na bandari, umeona mbao na vyuma vya vyombo vikipita kuliko miji mingi yenye bandari.

Bara ilivyolipa deni

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba Kilosa na Mikumi zilikuwa njia tu, kama kizingiti kinachokanyagwa na kila aingiaye. Sivyo. Hebu tukitazame chombo kidogo chenyewe, kiungo kwa kiungo, tuone bara imo wapi.

Tuanze na mbao. Misitu ya miombo inayozunguka Mikumi na Kilosa hutoa mninga, mti ambao mafundi huupenda kwa kuwa haujikunji ukikauka na huvumilia maji. Miembe nayo, ambayo huchongwa ngalawa, imejaa katika njia za zamani za misafara. Ilitokana na kokwa walizotupa au kupanda wasafiri, na hata leo safu za miembe mikongwe huonyesha palipokuwa na vituo. Hivyo njia iliyopeleka mashua bara ndiyo iliyoacha nyuma yake mti wa kuundia mashua.

Tuje kwenye kamba. Baharia wa zamani alitumia usumba wa nazi. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza mbegu za katani katika nchi yetu, na katika muda wa kizazi kimoja mashamba yakaenea Kilosa, Kimamba na Rudewa. Henza inayopandisha foromali, demani inayolizuia tanga na amari ya nanga, zote zikaja kuwa katani. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na sehemu kubwa yake ikasokotwa kamba zilizofunga vyombo na shehena duniani kote. Jasho la manamba wa Kilosa lilikuwa katika bandari wasizozijua. Nailoni ilipoingia, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori.

Tanga nalo lina habari yake. Katika karne ya 19 lilishonwa kwa merekani, kitambaa kigumu cha pamba kilichoitwa hivyo kwa sababu kililetwa na meli za Wamarekani. Kitambaa hichohicho ndicho kilichotumika kama fedha katika njia ya misafara. Kwa mikono ya merekani wapagazi walinunua mtama na wakuu wa Usagara walilipwa ushuru wa njia. Kwa maneno mengine, kitambaa kilekile kilivuta chombo baharini na kulisha msafara milimani. Baadaye Kilosa yenyewe ikawa nchi ya pamba, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilichoanzishwa katika miaka ya 1940, kikawa mahali pa kutafuta mbegu bora. Nchi iliyokuwa ikilipwa kwa nguo ya mgeni ikajifunza kuotesha uzi wake yenyewe.

Lugha iliyosafiri bila ya mashua

Kuna kitu kingine kilichopanda mlima, nacho ni lugha. Kiswahili kilipofuata misafara kwenda bara kilibeba maneno ya baharini pamoja na shehena nyingine, na maneno hayo yakakaa hata pale ambapo chombo chenyewe hakikufika.

Asubuhi katika kila shule ya Kilosa na Mikumi wanafunzi hupanga mistari kuizunguka bendera. Bendera hiyo hutwekwa juu ya mlingoti. Kutweka ni kazi ya baharia anayepandisha tanga, na mlingoti ni mti wa chombo. Jioni watoto haohao huenda uwanjani kucheza mpira, na kiongozi wa timu yao huitwa nahodha. Mkutano wa kijiji ukiharibika, mzee aliyelima mahindi maisha yake yote husema kwamba mambo yamekwenda mrama, naye hatambui kwamba anaeleza chombo kinachoyumba kwa mawimbi. Akiwaona wasemaji wengi wanaogombea uongozi, hukumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kiongozi mpya akichaguliwa, husemwa ameshika usukani.

Haya si mapambo ya maneno. Taifa letu lilipohitaji lugha ya kulielezea, lilichagua lugha ya watu wa vyombo, na pamoja nayo likarithi namna yao ya kuona mambo: kwamba waliomo chomboni wana mwisho mmoja, kwamba cheo ni kazi, na kwamba upepo hauna ndugu. Msagara, Mkaguru na Mvidunda wakaifanya hazina hiyo kuwa yao. Kwa hiyo atakayesema kuwa utamaduni wa tanga si wa mtu wa Kilosa, na aanze kwa kumwondolea mtu huyo maneno hayo kinywani, aone kama ataweza kusema juu ya nchi yake.

Hatari iliyopo na wajibu wetu

Leo chombo kidogo cha matanga kimo katika mashaka. Miembe mikubwa ifaayo kuchonga ngalawa imekuwa adimu karibu na pwani. Boti za faiba na mashine zimeingia, na turubai la plastiki limechukua nafasi ya tanga la pamba. Hatuyapingi maendeleo, mvuvi ana haki ya kutafuta chombo kitakachomrudisha nyumbani salama. Lakini fundi anayeweza kutazama mti uliosimama na kuona ndani yake omo, tezi na mahali pa mlingoti haandikwi na mashine yoyote. Akifa bila ya mwanafunzi, ameondoka na chuo kizima.

Hatari ya pili iko milimani. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mto wa Mkondoa ulipasua tuta lake, ukaufurikia mji wa Kilosa, ukawaondoa maelfu ya watu makwao na kuikata reli ya kati. Mafuriko si mapya huko. Yaliandikwa tangu mwaka 1872. Lililo jipya ni wingi wa udongo unaoteremka pamoja na maji kutoka katika miteremko iliyokatwa miti na kulimwa bila ya matuta. Udongo huo huinua kitanda cha mto, na mto ulioinuka hutafuta njia mpya katika nyumba na mashamba ya watu. Unaobaki husafiri na Wami mpaka kwenye mikoko na maji ya Saadani, ambako ngalawa hutandaza nyavu. Bandu bandu huisha gogo: mti unaokatwa ovyo Kilosa humnyima fundi mbao, na udongo uliokosa mizizi yake humfuata mvuvi hadi baharini.

Ndiyo maana tulisema mwanzoni kwamba suala hili si la sifa tu. Wageni wa mwaka 1876 walikuja na chombo wakitaka mto ukitii. Wenyeji waliunda chombo kinachoutii mto. Kati ya fikra hizi mbili, ni ya pili iliyodumu, na ndiyo tunayoihitaji sasa katika kutunza maji na misitu.

Tunapendekeza basi mambo matatu. La kwanza, mafundi wa vyombo vya pwani waandikwe habari zao, kwa majina yao, pamoja na istilahi za kazi yao, kabla istilahi hizo hazijabaki katika kamusi peke yake. La pili, shule za bara, zikiwamo za Kilosa na Mikumi, zifundishe historia ya njia ya misafara kama historia ya wabebaji na si ya waliobebewa, na mtoto aonyeshwe kwamba mlingoti wa bendera yake una asili. La tatu, miti ya mbao ipandwe katika miteremko ya Mkondoa, ili ishike udongo leo na kumpa fundi gogo kesho.

Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinapita katika mahandaki ya milima ya Kilosa kwenda Dodoma, na safari iliyowachukua wapagazi majuma kadhaa huisha kwa saa chache. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, chini ya madaraja yake Mkondoa ungali ukiteremka kwenda uwandani na Wami ungali ukienda baharini, na maji hayo hayaulizi mpaka wa wilaya wala kabila la mtu. Aliye omoni na aliye tezini wamo katika chombo kimoja. Anayetoboa upande wake hawezi kujitetea kwamba upande huo ni wake.